Mchoro Usio na Uso: Nini Kitundikwe Kwenye Kuta za Hospitali za Ngara na Biharamulo?

Mgonjwa anayesubiri zamu yake ya kumwona daktari hana kazi nyingi. Hukaa kwenye benchi, husikiliza majina yanayoitwa, na hutazama ukuta. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, kama katika sehemu nyingi za nchi, ukuta huo una maneno mengi, na karibu yote ni amri. Nawa mikono. Maliza dozi. Lala ndani ya chandarua. Usiguse maiti. Toa taarifa mapema. Kando ya maneno huwapo picha ya mtu anayetapika, mtoto aliyedhoofu, au jicho lililovia damu. Kila tangazo lina sababu ya haki ya kuwapo, na hapana shaka kwamba matangazo ya namna hiyo yameokoa maisha. Lakini yote yamewekwa kwa ajili ya ugonjwa. Hakuna hata moja lililowekwa kwa ajili ya mtu anayesubiri.

Makala haya yanatetea jambo moja dogo: kwamba katika kila hospitali ya wilaya hizi mbili utengwe ukuta mmoja usioamuru wala kutisha, na kwamba kinachofaa kutundikwa hapo ni mchoro wa dhahania, yaani mchoro wa maumbo na rangi usioonyesha mtu wala kitu, uliochapwa kwa skrini kutokana na nakshi za wenyeji wenyewe. Pendekezo hili litaonekana kwa wengine kuwa ni anasa. Linastahili kupimwa kwa hoja kabla ya kukataliwa.

Hofu iliyobaki baada ya mlipuko

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa mgonjwa mmoja wa Marburg alikuwa amethibitishwa wilayani Biharamulo. Mlipuko ulipotangazwa kumalizika, tarehe 13 Machi 2025, hesabu ilikuwa wagonjwa 10: wawili waliothibitishwa kwa vipimo vya maabara, na wanane waliohesabiwa kuwa yamkini walikuwa na ugonjwa huo. Wote 10 walifariki. Huo ulikuwa mlipuko wa pili wa Marburg mkoani Kagera katika muda usiofika miaka miwili. Ule wa kwanza ulitangazwa Machi 2023 huko Bukoba Vijijini, ukawapata watu 9, na 6 kati yao wakapoteza maisha.

Mlipuko hutangazwa kumalizika zikipita siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani mara mbili ya muda mrefu zaidi ambao virusi huweza kukaa mwilini kabla ya dalili kujitokeza. Hiyo ni hesabu ya virusi. Hofu haina hesabu ya namna hiyo. Marburg huanza kwa homa ya ghafla, kichwa kuuma na mwili kuchoka. Malaria nayo huanza hivyo hivyo, na malaria katika Kagera haihitaji kutangazwa. Kwa hiyo mama mwenye mtoto anayechemka usiku wa manane hukabiliwa na maswali mawili badala ya moja. La kwanza ni je, mtoto apelekwe hospitali? La pili, ambalo halikuwapo zamani, ni je, huko atapokewa na watu waliovaa mavazi ya kujikinga toka kichwani hadi miguuni, na majirani watasema nini? Swali la pili likichukua siku moja kujibiwa, siku hiyo inatosha kwa malaria kupanda kichwani.

Ndiyo maana sura ya jengo la tiba si jambo la mapambo peke yake. Mtu anayeliogopa jengo hulifikia akiwa amechelewa, na akifika huona kuta zinazomkumbusha kile alichokuwa akikiogopa. Elimu ya afya inayotolewa kwa picha za kuogofya humfaa mtu aliye mzima, akiwa barabarani au sokoni, awe na tahadhari. Mtu yuleyule akiwa tayari mgonjwa, akiwa tayari ameitii amri ya kuja hospitali, picha ileile humwadhibu kwa utiifu wake.

Wilaya iliyopigwa picha

Kuna jambo jingine linaloihusu Ngara kwa namna ya pekee. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka Daraja la Rusumo wakikimbia mauaji nchini Rwanda, wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco ilijaa kwa siku chache kiasi cha kupita idadi ya watu wa miji mingi ya Tanzania. Wapigapicha wa dunia nzima walifika. Mmoja wao alikuwa Mbrazili Sebastião Salgado, ambaye picha zake za Benaco, za rangi nyeusi na nyeupe, zimekuwa miongoni mwa picha zinazojulikana sana za miaka ile.

Picha hizo zilikuwa na kazi ya haki, kwani ziliuonyesha ulimwengu kilichokuwa kikitokea. Pamoja na hayo, zimeacha desturi isiyo njema: kwamba watu wa ukanda huu waonekane pale tu wanapoteseka, na waonekane kwa nyuso zao. Daktari amefungwa na kiapo cha kutunza siri ya mgonjwa. Hawezi kutangaza jina wala jalada lake. Lakini mara ngapi tangazo la afya limebeba uso wa mtoto mwenye utapiamlo ambaye leo ni kijana mzima, anayeweza kuingia katika zahanati yoyote akajikuta ukutani?

Mchoro wa dhahania haumfichui mtu. Hauna uso, hauna kidonda, hauna kabila wala dini. Hii ndiyo sifa yake ya kwanza ya kitabibu, kabla hata ya kuuliza kama unapendeza.

Kutoka jumba la makumbusho hadi wodini

Wazo la kuupeleka mchoro wa namna hii hospitalini si geni. Katika hazina ya jumba la makumbusho la Tate, jijini London, kuna kazi saba za mchoraji Mwingereza Bridget Riley, aliyezaliwa mwaka 1931. Zilitolewa mwaka 1965 kwa jina la pamoja la Fragments, nazo zilichapwa kwa skrini, si juu ya karatasi bali juu ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Ndani yake mna maumbo meusi tu, yaliyopangwa kwa hesabu, kiasi kwamba jicho likiyatazama huona kama yanatetemeka. Hakuna kisa kinachosimuliwa, wala mtu anayeonekana.

Riley alikuwa amemwuguza baba yake aliyeumia katika ajali ya gari, kwa hiyo hakuwa mgeni wa kando ya kitanda cha mgonjwa. Mwaka 1983 alibuni michoro ya kuta za hospitali ya Royal Liverpool, na mwaka 1987 akafanya hivyo katika hospitali ya St Mary's jijini London, ambako alirudi mwaka 2014 kuongeza nyingine. Jambo la kuzingatia ni hili: hospitalini hakupeleka yale maumbo meusi yanayotetemeka. Alipeleka mistari mipana ya rangi tulivu, aliyoichagua baada ya safari ya Misri, alikoona rangi zilizotumiwa na mafundi wa kale katika makaburi yao. Mchoraji yuleyule alifahamu kwamba kinachofaa jumba la makumbusho, ambako mtazamaji huja akiwa mzima na huondoka apendapo, hakifai kumkabili mtu asiyeweza kugeuza shingo.

Tiba inaunga mkono tahadhari hiyo. Mistari myembamba myeusi na meupe inayofuatana kwa ukaribu inaweza kuamsha degedege kwa baadhi ya watu wenye kifafa, na kipandauso kwa wengine. Mgonjwa mwenye homa kali au aliyechanganyikiwa anaweza kuliona umbo lililotulia likimsogelea. Kwa hiyo anayetetea mchoro wa dhahania hospitalini hana budi kuanza kwa kukiri kwamba si kila mchoro wa dhahania ni rafiki wa mgonjwa.

Ushahidi unaopinga

Uko ushahidi mzito zaidi wa upande wa pili, na haki inadai uwekwe wazi. Mtafiti Mmarekani Roger Ulrich anajulikana kwa utafiti wake wa mwaka 1984 uliochapishwa katika jarida la Science. Aliwalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospital moja ya Pennsylvania: nusu yao walilala katika vyumba ambavyo dirisha lilitazama miti, na nusu walitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walikaa hospitalini muda mfupi zaidi na walihitaji dawa kali chache zaidi za maumivu. Utafiti huo hunukuliwa kila mahali panapozungumzwa habari za mazingira ya tiba.

Utafiti mwingine wake, ambao hunukuliwa kwa nadra zaidi, ulifanyika na wenzake katika hospitali ya chuo kikuu cha Uppsala nchini Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wagonjwa 160 waliofanyiwa upasuaji wa moyo waliwekewa picha mbele ya vitanda vyao. Baadhi walipewa picha za maumbile, kama maji na miti. Baadhi walipewa michoro ya dhahania. Na wengine hawakupewa picha yoyote. Waliotazama maji na miti walipungukiwa na wasiwasi. Waliotazama mchoro wa dhahania wa pembe kali walikuwa na wasiwasi zaidi hata kuliko wale ambao hawakuwekewa chochote.

Je, hoja imekwisha hapo? La. Utafiti wa Uppsala unasema jambo la hakika kuhusu Waswidi waliotoka kupasuliwa moyo na kuwekewa mbele ya macho maumbo wasiyoyachagua na yasiyowahusu. Hausemi lolote kuhusu bibi wa Rulenge anayetazama nakshi aliyofundishwa na mama yake. Neno dhahania lenyewe hutegemea anayetazama. Umbo lisilo na maana kwa mgeni laweza kuwa, kwa mwenyeji, ukingo wa kikapu cha mahari.

Migongo ya ng'ambo ya mto

Hapa ndipo jiografia ya Ngara inapogeuka kuwa hoja. Ukivuka Mto Kagera kwa Daraja la Rusumo unaingia Kirehe, katika nchi ya kale ya Gisaka. Huko ndiko chimbuko la sanaa iitwayo imigongo. Mhangaza wa Ngara na msemaji wa Kiswahili wote hulisikia neno mgongo ndani ya jina hilo bila kuhitaji mkalimani. Wanawake huchanganya kinyesi cha ng'ombe na majivu, wakainua kwa vidole matuta membamba juu ya ubao au ukuta, mfano wa uti wa mgongo. Yakikauka hulainishwa, kisha hupakwa rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu zitokanazo na mimea na udongo. Maumbo yake ni pembetatu, almasi, mizunguko na mistari ya kupindapinda. Masimulizi ya wenyeji humtaja Kakira, mwana wa mfalme wa Gisaka, kuwa mwanzilishi wake, aliyeipamba nyumba yake kwa namna hiyo. Baada ya mwaka 1994, wanawake wa Nyakarambi, wengi wao wakiwa wamefiwa, waliungana katika ushirika na kuifufua sanaa hiyo iliyokuwa karibu kutoweka. Sasa kazi za imigongo hupatikana katika majumba ya makumbusho na katika kumbi za hoteli.

Kwa hiyo daraja lilelile lililowaleta wakimbizi limetenganisha, kwa upana wa mto tu, wilaya ijulikanayo kwa picha za mateso na jirani yake ajulikanaye kwa maumbo yasiyo na uso. Na upande huu wa mto hakuna ukame wa nakshi. Wanawake wa Ngara na Biharamulo husuka vikapu na mikeka, na msusi hahitaji kalamu ili ajue ni duru ngapi zipite kabla ya kuingiza uzi wa rangi. Hiyo ni hesabu, na ni sanaa ya dhahania kwa maana yake kamili, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Kwa nini uchapaji

Swali la haki ni hili: ikiwa nakshi zipo, kwa nini zisitundikwe zenyewe? Jibu ni la kitabibu. Ubao wa kinyesi cha ng'ombe, hata ukiwa umechanganywa na majivu na kupakwa rangi, hauwezi kuoshwa kwa klorini. Kikapu kina matundu elfu moja ya kuhifadhi vumbi na matone ya kikohozi. Baada ya Marburg, kanuni ya kukinga maambukizi haina mjadala: kitu chochote kilicho karibu na mgonjwa lazima kiweze kufutwa kwa maji ya klorini ya asilimia 0.5, kikauke, na kibaki kama kilivyokuwa. Kitu kisichooshwa hakina nafasi wodini, hata kiwe kizuri namna gani.

Uchapaji wa skrini unaitatua shida hiyo. Fremu huwambwa kitambaa chenye vitundu vidogo sana. Sehemu zisizotakiwa kupitisha rangi huzibwa. Kisha wino husukumwa kwa ubapa wa mpira, nao hupenya pale tu palipoachwa wazi. Kila rangi ina fremu yake. Si utaalamu wa mbali: ndivyo zinavyochapwa fulana za kampeni, nembo za sare za shule na mabango ya michezo. Nakshi ya msusi ikishachorwa mara moja, fundi anaweza kuichapa nyuma ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, ili klorini iguse plastiki na isiguse wino. Kile ambacho kwa Riley kilikuwa uamuzi wa msanii, yaani kuacha karatasi na kuchukua plastiki, kwa hospitali ya wilaya ni sharti la usafi. Na kwa kuwa uchapaji hutoa nakala nyingi, mchoro mmoja unaweza kuwapo Murgwanza, Rulenge na Biharamulo kwa wakati mmoja, na kila zahanati ikapata wake.

Dawa kwanza?

Atakuwapo wa kusema: dawa kwanza, michoro baadaye. Hoja hiyo ina uzito, na hakuna daktari anayeweza kuipuuza huku akiwa na wodi yenye upungufu. Lakini inasahau kwamba fedha za kuta zimekwisha kutumika tayari. Matangazo huchapwa, husafirishwa, hubandikwa, huchakaa na kuchapwa tena. Pendekezo hili haliombi fungu la dawa. Linaomba sehemu ndogo ya kile kinachotumika kila mwaka katika karatasi, itumike katika kitu kinachodumu. Tena dawa haimsaidii mtu ambaye hakuja kuichukua.

Hata hivyo, jambo hili lisifanywe kwa amri, kwani litakuwa limeongeza amri nyingine ukutani. Lina masharti manne. Kwanza, nakshi zichaguliwe na wanaozijua, na msusi alipwe na jina lake liandikwe ikiwa ataridhia. Pili, wagonjwa waulizwe kuhusu rangi. Nyekundu ni rangi ya heshima katika imigongo, lakini katika wilaya iliyotoka kusikia habari za ugonjwa wa kutoka damu, na mbele ya mlango wa wodi ya wazazi, huenda nyekundu isikaribishwe. Wao ndio wenye kusema. Tatu, michoro iwekwe mahali pa kusubiri na kwenye korido, si mbele ya kitanda cha mgonjwa mahututi asiyeweza kuikwepa. Matokeo ya Uppsala yaheshimiwe hapo. Nne, ipimwe. Vituo kadhaa viwekewe michoro na vingine visiwekewe. Wasiwasi wa wanaosubiri upimwe kwa maswali mafupi ya Kiswahili na lugha za wenyeji. Wahesabiwe wanaoondoka kabla ya kuonwa. Ikiwa takwimu zitasema hapana, michoro ishushwe bila kinyongo. Vyuo vikuu vya tiba vina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti. Hii ni mada isiyohitaji mashine ya gharama.

Matangazo ya kunawa mikono yabaki mlangoni na kwenye bomba. Namba ya simu ya kutoa taarifa ibaki mahali inapoonekana. Hakuna anayedai yaondoke. Kinachodaiwa ni ukuta mmoja, upande wa benchi, ambapo mama aliyetembea usiku na mtoto mwenye homa anaweza kuinua macho akaona almasi zinazofuatana kama alivyoziona katika kikapu cha nyanya yake, akazihesabu moja baada ya nyingine, mpaka jina la mtoto litakapoitwa.